Nzuri, Ila

Nimefanya kazi nyingi, na nyingi niliziacha kabla hazijaniacha. Nimeshika mnyororo wa wapima ardhi, nimejaza magodoro, nimeosha chupa katika kiwanda cha dawa ya kikohozi. Shule nayo niliisoma vipande vipande, darasa hili mji huu, darasa lile mji mwingine, na mengine niliyachungulia dirishani. Lakini kazi ya kuuliza watu mia nne habari zao kila asubuhi bila kuonana nao, hiyo niliifanya mara moja tu, uzeeni, nilipokuwa fundi wa bweni la chuo.

Fundi wa bweni ni mtu wa vitasa, mabomba, taa na vitanda. Bweni letu lilikuwa la ghorofa tatu. Nilipewa chumba cha chini, ubavuni mwa pampu ya maji, na karakana ng'ambo ya uwanja, nyuma ya ofisi za utawala. Nilikuwa nimekaa pale miaka miwili, ambayo kwangu ni mingi, na katika miaka hiyo hakuna aliyeingia chumbani kwangu isipokuwa mtu wa kusoma mita.

Chuoni kulikuwa na mama mmoja, mshauri wa wanafunzi. Kazi yake ilikuwa kuwasikiliza vijana wenye msongo wa mawazo. Wanafunzi mia nne, yeye mmoja, na kiti cha wageni kimoja chenye mguu mbovu ambao nilikuwa naufunga waya kila muhula. Basi akapata programu ya kuweka kwenye simu. Ilimfundisha mwanafunzi kupumua polepole, ikamkumbusha kulala mapema na kupumzisha macho, na kila asubuhi ikamuuliza yuko vipi, naye akabonyeza jibu. Majibu yalikwenda kwenye kompyuta ya Mama Mshauri. Aliyejibu vibaya siku tatu mfululizo aliitwa.

Programu ilihitaji sauti. Mama alijaribu ya kwake, wanafunzi wakasema inawakumbusha matokeo ya mtihani. Akamtumia kijana wa redio ya chuo, wakasema anawauzia sabuni. Siku hiyo mimi nilikuwa chini ya meza yake na koleo mkononi.

"Fundi, hebu sema tena."

"Nimesema nishikie hapa."

"Si hilo, sauti yako. Kwenu wapi wewe?"

"Kwetu kwingi, mama."

"Ndiyo maana. Kiswahili chako hakina kwao. Kila mtu atadhani wewe ni jirani yake."

Sikujua kama nimesifiwa au nimesimangwa. Nikakubali.

Tulirekodi ndani ya kabati kubwa la ukutani la kuwekea karatasi, blanketi mbili zimetundikwa kuzuia mwangwi. Vuta pumzi. Ishikilie. Iachie taratibu. Hayo yalikuwa mepesi. Kazi ilikuwa kwenye lile swali. Nilisema, "Habari ya leo?" halafu Mama akanyoosha vidole vitano na kuvikunja kimoja kimoja, ili tuache nafasi ya jibu. Nikaliuliza habari lile rundo la karatasi mara kumi na moja, na kila mara nikasubiri, mpaka akaridhika.

Tangu hapo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa najisikia chini ya milango. Napanda ngazi na ndoo ya saruji, huku sauti yangu iko chumba cha ishirini, iko cha ishirini na mbili, inauliza watu habari zao kwa upole ambao mimi mwenyewe sikujua ninao. Na mimi mwenye sauti, wanafunzi wakinipita ngazini, "Shikamoo fundi!" "Marahaba," na mwenzangu ameshafika chini. Ukishazeeka watu hawakuulizi habari sana. Wanakupa heshima yako, wanapita.

Mitihani ya muhula ilipoingia wiki ya pili, Mama Mshauri aliniita nione kazi yangu. Kompyuta ilikuwa imejaa kijani.

"Tazama, fundi. Wiki ya mitihani, na karibu wote wamebonyeza 'Nzuri'. Mwaka jana wiki kama hii walikuwa wanalia mpaka kwenye foleni ya chakula."

Nikacheka. Sikukusudia.

"Unacheka nini?"

"Mama, hata mimi nilishawahi kubebwa kwenye machela, nesi akaniuliza habari, nikasema nzuri. Ndipo nikamwambia mguu umevunjika."

Akanitazama.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "alinitafuta miji mitatu, akanikuta kwenye magodoro. Habari za nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Mama? Mama mzima. Mzee je? Mzee naye hajambo, ila ndiyo hivyo, tumemzika Jumanne. Hakunidanganya, mama. Nzuri ni hodi. Habari yenyewe inakuja nyuma, kwenye ila. Sasa hii programu yako, mtu akishapiga hodi, inafunga mlango."

Mama aliigeukia kompyuta. Kisha akasema polepole, "Walioitengeneza waliniomba tafsiri ya maneno mia mbili. 'Ila' haikuwemo."

Akavuta karatasi moja kutoka chini ya nyingine. Ilikuwa barua ya msajili. Wanafunzi waliokosa mitihani mitatu bila kutoa sababu kwa mdomo wao na saini yao, kwa Mshauri, kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa, majina yao yangefutwa chuoni. Lilikuwepo jina moja tu.

"Huyu yuko chumba cha sitini na nane," alisema. "Wanamwita Profesa. Nilidhani ofisi ya mitihani imekosea, maana kwenye kompyuta yangu ndiye mzima kuliko wote. Siku arobaini na moja, nzuri, nzuri, nzuri. Nikampigia, hapokei. Nikapanda kugonga, akanijibu kwa ndani, 'Nzuri mama, nakuja.' Hajaja."

Ilikuwa Jumatano. Mchana ule ule tukarudi kabatini, nikarekodi neno moja. Mtu akibonyeza "Nzuri", sauti yangu isimwache, imwulize, "Ila?" na imwachie nafasi ya kuandika au kusema.

Profesa nilikuwa namjua kwa kitanda chake. Jirani wa chini alikuwa amelalamika kwamba springi zinalia juu ya kichwa chake mchana kutwa, nami Jumanne nilikuwa nimepanda kuangalia. Kijana mwembamba, miwani mikubwa, alinifungulia nusu ya mlango na kusema "Nzuri, mzee" kabla sijamuuliza kitu. Niliinua godoro. Mtu anayelala usiku tu huchosha springi za mabegani na za kiunoni. Za huyu zilikuwa zimezama zote katikati kama beseni. Ni mtu anayekaa amejikunja pale pale tangu jua linatoka mpaka linazama. Ukutani palikuwa na ratiba ya mitihani, hakuna hata mmoja aliokata kwa kalamu. Nilimwambia nitarudi kukichukua nikichomelee, nikaondoka. Nilikuwa nimeona yote hayo, nikayaita kazi ya springi.

Alhamisi asubuhi majibu ya "Ila?" yalimiminika. Mama alinisomea bila kutaja majina. Ila sijalala tangu Jumapili. Ila baba haongei na mimi. Ila nimesahau kila kitu. Ila choo cha ghorofa ya pili kuna mtu anaimba. Alikuwa anasoma huku anajifuta macho na kucheka. Mchana ule aliwaita watu tisa, na kile kiti kikavunjika moja kwa moja.

"Na yule?" niliuliza.

"Amebonyeza nzuri. Ulipomuuliza ila, akazima simu."

Ijumaa saa nne nilipanda na spana. Nikagonga.

"Nani?"

"Fundi. Nimekuja kuchukua kitanda."

"Sema tena."

"Nimekuja kuchukua kitanda."

Kitasa kikazunguka. Akanitazama usoni, akatazama ovaroli langu, akatazama ndala zangu.

"Ni wewe," alisema. "Wewe ndiye yule wa kwenye simu."

"Ndiye mimi."

"Nilidhani una suti."

"Hata mimi ningeipenda."

"Nilidhani umekaa kwenye chumba chenye zulia."

"Nilikaa kwenye kabati, nimefunikwa blanketi kama mgonjwa wa homa."

Hakucheka. Alirudi nyuma akakaa ukingoni mwa kitanda, springi zikalia.

"Siku arobaini na tatu umeniuliza habari," alisema, "na siku arobaini na tatu nimekujibu. Mbona hukuja?"

"Ulisema nzuri."

"Sasa ulitaka niseme nini? Mtu mzima ananiuliza habari, nimwambie mbaya?"

Nilikuwa nimesimama na spana mkononi kama mtu aliyeitwa kushuhudia wizi wake mwenyewe. Nikaiweka chini, nikakaa sakafuni.

Akaniambia. Mtihani wa kwanza aliandika jina, akaandika namba, na hapo kalamu ikagoma. Moyo ukaanza kwenda kama cherehani. Mikono ikafa ganzi. Akatoka mbio, akajifungia chooni akidhani anakufa, na hakufa, akaona aibu kwamba hakufa. Tangu siku hiyo, akiukaribia ukumbi wa mitihani, miguu haikubali.

"Kule kupumua kwako kunanisaidia," alisema. "Kunanifikisha mlangoni. Tatizo liko nje ya mlango."

"Nje kuna nini?"

"Watu, mzee. Nimewahesabu. Kutoka hapa mpaka kwa Mama Mshauri: jirani, dada wa usafi, wale wanaokaa ngazini, wa kantini, mlinzi, karani. Kumi na wanane kwa uchache. Profesa, habari? Nzuri. Za siku? Nzuri. Mitihani? Nzuri. Nikifika kwa Mama, mdomo umeshazoea. Ataniuliza, nitasema nzuri, atafurahi, nitarudi kulala."

"Hujui mpaka ujaribu."

"Jumatatu nilijaribu. Nilifika mpaka mlangoni pake. Alikuwa anatoka, amekumbatia mafaili. 'Profesa, hujambo, habari yako?' Nikamwambia, nzuri sana, mama." Akashika kichwa. "Sana! Nikaongeza na sana!"

Hapo mimi nilicheka, na yeye akatoa sauti ambayo ilikuwa nusu ya kicheko na nusu ya kitu kingine.

Saa ilikuwa nne na nusu. Nilitafuta neno la kumwambia, maana wazee tunategemewa tuwe nalo. Sikulipata. Nilichokuwa nacho ni kitanda, na karakana yangu iko nyuma ya ofisi ya Mama Mshauri.

"Simama," nikamwambia. "Toa godoro. Shika huko miguuni."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mtu aliyebeba mzigo haulizwi habari. Shika."

Tukakitoa mlangoni kwa ubavu. Jirani wa sitini na sita alikuwa anapiga mswaki kwenye korido. Akafungua mdomo wenye povu, akaona chuma, akajibana ukutani.

"Poleni!"

"Asante," nikasema, nikamsubiri mwenzangu.

"Asante," akasema Profesa.

Dada wa usafi: "Jamani, poleni na kazi!" Asante. Wale wa ngazini wakainuka wote, wakapisha. "Pole Profesa! Kitanda kimekufukuza?" "Fundi, umepata kibarua mwenye digrii?" "Taratibu, mtamng'oa mtu meno!" Vicheko, poleni, asante, poleni, asante. Hakuna hata mmoja aliyetaka kujua mitihani. Walitaka kujua kama kona ya ngazi itakubali.

Kona ya ghorofa ya kwanza haikukubali kirahisi. Tulikwama, yeye juu, mimi chini, na nikasikia chuma kinatetemeka. Nilidhani ni uzito. Nikainua macho, nikaona uso wake umelowa jasho na kifua kinapanda na kushuka.

"Siwezi, mzee. Kinakuja."

"Vuta pumzi," nikasema. Sikufikiri, ilitoka tu, ile ile ya kabatini. "Ishikilie."

"Nimeshikilia kitanda!"

"Basi shikilia vyote."

Tulikaa hivyo. Wa nyuma yetu walianza kupiga miluzi, "Wazee wa kazi, vipi, mmepanga hapo?" na mmoja akasema waacheni, pole babu, pole Profesa. Akapumua mara nne, tano. Kisha akasema, "Geuza kwako," nikageuza, tukapita.

Uwanjani nilimsikia nyuma yangu akijibu asante kwa sauti kubwa kuliko yangu. Mlinzi alitaka barua ya kutoa mali ya chuo. Nikamwambia barua iko kwa Mama Mshauri, tunaifuata. Karani akatufungulia mlango wa pili. Tukaingia ofisini na kitanda kizima, kikapita nusu, kikagonga kabati na kusimama.

Mama Mshauri aliinuka. Nikaona midomo yake inajiandaa.

"Usimuulize!" nilipiga kelele.

Akashtuka. Akatutazama, chuma, jasho, mikono yenye kutu.

"Jamani," alisema. "Poleni."

Mimi nikanyamaza. Profesa akaweka mguu wa kitanda chini. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Asante, mama," alisema. "Ila bado sijapoa." Na sauti ikakatika, akaendelea hivyo hivyo, inakatika naye anaendelea, kutoka kalamu iliyogoma mpaka chooni.

Mama alimwonyesha kiti chake yeye mwenyewe, kwa sababu cha wageni kilikuwa kimekwisha. Nikavuta kitanda nje peke yangu kwa kukikokota, na mlango ukafungwa.

Nilikaa juu ya wavu wa springi kwenye kibaraza. Saa tano ikapita. Sauti ya Mama sikuisikia. Ya kijana niliisikia kama redio ya nyumba ya pili. Saa sita kasoro dakika kumi mlango ukafunguliwa, wakatoka wote wawili wanakwenda haraka kwa msajili, Mama ameshika karatasi, kijana anaisoma huku anatembea. Walinipita. Hakugeuka. Simlaumu, alikuwa anaangalia saini yake kama imekauka.

Nikabaki na kitanda ambacho upande wa pili hauna mtu. Niliwaangalia wanafunzi wakienda kula, makundi makundi. Ningeweza kumwita mmoja. Sijui kwa nini sikuita. Nikatoa spana, nikafungua nati, nikakipeleka karakana vipande vipande, safari nne.

Karatasi ilikubaliwa. Msajili akaamua Profesa afanye mitihani yake upya katika chumba kidogo chenye watu wanane, karibu na mlango. Mama ndiye aliyeniambia, akaniambia pia kwamba kijana ananisalimia sana. Kuanzia hapo tulipoonana ngazini aliniamkia kwa heshima zote, shikamoo babu, na kwa kweli alikuwa na haraka, alikuwa na mitihani mitatu ya kurudia.

Nilichomelea springi, nikabadilisha nane, na Alhamisi iliyofuata nikakipandisha kitanda kama nilivyokishusha, kipande kwa kipande. Ufunguo alikuwa amemwachia dada wa usafi. Chumba kilikuwa kimefagiliwa, dirisha wazi, godoro limeegemezwa ukutani. Kwenye ratiba mpya mtihani mmoja ulikuwa umekatwa kwa kalamu, na wa pili ulikuwa wa asubuhi ile ile. Nikaunga fremu, nikakaza nati, nikatandika godoro.

Fundi akimaliza kitanda hukijaribu. Hulala kama dakika moja, hugeuka ubavu mmoja, hugeuka wa pili, akisikia hakilii huinuka. Nililala. Hakikulia. Korido nzima ilikuwa kimya, milango yote imefungwa, kila mtu yuko kwenye mitihani, hata yule mwimbaji wa chooni. Niligeuka ubavu wa kwanza, nikageuka wa pili. Kisha nikabaki nimejikunja pale pale, ndala zangu sakafuni na spana kifuani, mpaka niliposikia kengele ya kutoka na miguu ya kwanza ngazini.